Akiba ya Shemeji Mkasi

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu kaninunulia daftari. Kasema, "Mama, hasira zako ziandike humu, na sisi tupumzike." Nikamuuliza hasira gani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Haya basi, naandika.

Mvua zimeanza leo, mapema kuliko nilivyotaka. Tuna sare za shule nzima za kushona kabla muhula haujafunguliwa mwezi wa tano, mashati meupe matupu, na nguo nyeupe na mvua havipatani hata kidogo. Tope likiruka kupitia dirishani, shati limekwisha. Kwa hiyo nimetoa amri: madirisha yote ya karakana yafungwe, na atakayefungua atafua yeye.

Humo ndani tuko watatu. Mimi niko kwenye cherehani. Yuko Pasi, mwanamke wa kupiga pasi, mikono yake ya dhahabu na masikio yake ya kunasa kila umbeya wa mtaa. Na yuko shemeji Mkasi, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye mkata nguo. Hana mke wala mtoto, anakaa chumba cha uani. Chini ya meza yake ya kukatia anashinda mjukuu wangu Kifungo, ambaye hajatimiza miaka mitatu, kwa sababu mama yake mchana yuko kazini. Mkasi humshonea wanasesere wa vipande vya vitambaa. Namgombeza Mkasi kila siku iendayo kwa Mungu, na bila yeye karakana hii haipo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Uzi mweupe umeisha. Pasi kaniambia nani kaachana na nani. Sikuuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia, "Shemeji, unakohoa kama pikipiki iliyokataa kuwaka."

"Ni vumbi la kitambaa, shemeji. Wewe hulisikii, umeshageuka cherehani."

Huyo ndiye Mkasi, hakosi jibu. Lakini leo nimemkuta anaibana suruali yake mwenyewe kiunoni, na ni mara ya pili tangu mwaka uanze. Nikamtania: unapungua wewe au suruali ndiyo inanenepa? Hakunijibu. Alikuwa anatokwa jasho, na humo ndani hakukuwa na joto.

Alhamisi, 14 Machi

Leo kaja dada mmoja wa kituo cha afya, kashika mwavuli mkubwa wa kufunika duka zima. Anapita mlango kwa mlango kuuliza: nani amekohoa wiki mbili au zaidi, nani anakonda bila sababu, nani anaamka shuka limelowa jasho. Nikamjibu hapohapo kwenye cherehani, wala sikuinuka: "Hapa hatukohoi, mwanangu. Hapa tunashona."

Sijafunga mdomo, Mkasi akakohoa. Akakohoa tena. Akainama juu ya meza akashika ukingo, kikohozi kikaenda, kikaenda, hata Kifungo akatoka chini ya meza kumwangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Mwavuli (ndilo jina nililompa) hakucheka wala hakunisuta. Aliangalia madirisha, moja baada ya jingine, akauliza, "Mama, hewa humu inaingilia wapi?"

"Hewa haishoni mashati," nikamwambia.

Akamwachia Mkasi kikopo cha makohozi, akamweleza ayatoe asubuhi kabla ya kula chochote, nje, penye hewa, na apeleke kituoni kupimwa bure. Alipoondoka Mkasi akasema haendi mahali. "Nipeleke mate yangu yakaangaliwe na watu? Nimekosa kazi?"

Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akasema nimeanza kuongea kama kanga. Lakini jioni akakata kola, na kola ikatoka upande. Tangu niolewe katika nyumba hii sijaona Mkasi akikata kola upande. Tuliitazama wote wawili. Akaikunja, akaiweka pembeni, akakichukua kikopo akaenda nacho chumbani kwake.

Ijumaa, 15 Machi

Kakipeleka. Kakifunga kwenye kitambaa cha satini kama anakwenda kuposa.

Jumatatu, 18 Machi

Ni kifua kikuu. Bibi Mwavuli kaja mwenyewe kutuambia, hakutuma mtu. Alitutoa nje barazani, tukakaa, akasema polepole kwamba ugonjwa huu unatibika na dawa zake hatutatoa hata senti. Mimi sikusikia la dawa. Nilikuwa namwangalia Kifungo kupitia mlangoni, kalala chini ya meza ya kukatia, kakumbatia mwanasesere.

Niliinuka, nikamnyakua mtoto, nikamgeukia Mkasi mbele ya watu, nikasema, "Umeniulia mjukuu."

Mdomo wangu hauna breki, najua. Lakini leo ulikwenda hadi mwisho wa barabara.  Mkasi alivua utepe wake wa kupimia shingoni, akautundika kwenye msumari, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Bibi Mwavuli alinishika mkono, akanikalisha kama mimi ndiye mtoto. Akasema hakuna aliyemuua mtu. Akasema ugonjwa huu haupiti kwenye sahani, wala nguo, wala kupeana mkono. Unapita kwenye hewa tu, mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa na wenzake wakaivuta ile hewa siku nyingi. Chumba kilichofungwa! Nilisikia madirisha yangu yote yakinitazama. Akasema kesho twende wote tukapimwe: mimi, binti yangu, Kifungo, na Pasi. Binti yangu nilimpigia simu kazini. Alilia.

Jumanne, 19 Machi

Tumepimwa wote. Mimi mzima, binti mzima, Pasi mzima. Kifungo kapigwa picha ya kifua. Kakataa kumwachia mwanasesere, ikabidi fundi wa picha ambembeleze kwa kumpiga na mwanasesere picha yake. Daktari kasema kifua cha mtoto kiko safi. Nililia mbele za watu, makamasi na yote. Kisha akasema kwa kuwa ameivuta hewa ile, na ni mdogo, lazima anywe dawa ya kinga miezi mitatu, ugonjwa usije ukaamka baadaye. Ila dawa ya watoto haijafika kituoni. Inakuja wiki ijayo.

Jumatano, 20 Machi

Pasi hakuja. Katuma ujumbe kwamba kapata dharura ya kifamilia. Mtaa mzima umeshajua dharura hiyo ni nini.

Jumamosi, 23 Machi

Mkasi anatakiwa kukaa chumbani kwake, dirisha wazi, mpaka dawa ziwe zimeuzidi nguvu ugonjwa, wiki mbili au zaidi. Na lazima awepo mtu wa kumwona anapomeza kila siku. Wenyewe wanamwita msimamizi wa dawa. Bibi Mwavuli akauliza nani. Nani tena? Marehemu hayupo.

Basi asubuhi nasimama mlangoni kwa Mkasi na kikombe cha maji. Vidonge vinne vyekundu, vinono. "Meza. Fungua mdomo. Toa ulimi." Anatoa ulimi kama mtoto aliyeiba sukari. Hatuongei zaidi ya hapo. Neno nililosema Jumatatu limekaa kati yetu, na mimi sijui kuomba radhi, sikufundishwa.

Leo kidogo tu barafu ikavunjika. Nilisikia ukelele chooni: "Shemeji! Nakufa! Natoka damu!" Nikakimbia na kandambili mguu mmoja. Kumbe mkojo umekuwa mwekundu kwa ajili ya dawa. Aliambiwa tangu siku ya kwanza, hakusikiliza. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji ya mvua.

Jumatano, 27 Machi

Bibi Mwavuli kaamuru madirisha yafunguliwe na yabaki wazi. Kafungua moja baada ya jingine kwa mikono yake, na mvua ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Mashati matatu yamelowa. Nimemwambia aje ayafue. Akauliza sabuni iko wapi! Nilimwambia aondoke, akaondoka, akarudi mchana na karatasi za nailoni na mafundi wawili wa kituo, wakanijengea vipaa vya kuzuia mvua juu ya kila dirisha kwa nje. Hewa inapita, maji hayaingii. Sikumshukuru. Nilimpa kiti.

Alhamisi, 28 Machi

Dawa ya Kifungo haijafika. Wiki ijayo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mkuu wa shule kafika na leso puani. Hakuingia ndani. Kasema kasikia, na wazazi wamesikia, na sare zilizoshonwa kwenye nyumba ya ugonjwa hazitavaliwa shuleni kwake. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu binti yangu husoma daftari hili nikiwa naoga.

Alipoondoka nilikaa katikati ya yale mashati nikaona dunia imeniishia. Nikampigia simu Bibi Mwavuli, mimi niliyemfukuza wiki iliyopita. Alikwenda shuleni kwa mguu, katika mvua ile. Aliomba mkutano na walimu na wazazi, akawaeleza kwamba shati halikohoi. Akawaambia pia kwamba wakitufungia sisi kazi, kesho anayekohoa atajificha, na anayejificha ndiye wa kuogopwa. Jioni mkuu wa shule kanipigia simu. Sare zinaendelea. Kaomba pia nimshonee koti jeusi, nadhani ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Jina la Bibi Mwavuli nililitoa kwa kejeli. Sasa natafuta jinsi ya kulisema bila kejeli.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkasi karudi kazini, kwa ruhusa ya daktari. Anakatia dirishani. Mashavu yamerudi, ameifungua suruali ile aliyoibana. Kelele zake zimerudi pia, Mungu atusaidie.

Lakini Kifungo simruhusu kuingia karakana. Daktari kasema hakuna hatari tena, na mimi nimesema daktari hana mjukuu. Mtoto anasimama mlangoni anaita, "Babu! Babu Mkasi!" Mkasi anamjibu kutoka ndani, hamkaribii. Jana kashona mwanasesere mpya, kamwacha kizingitini, karudi kukata. Hajamshika mtoto tangu Jumatatu ile.

Jumatatu, 15 Aprili

Dawa ya Kifungo haijafika. Mkasi kaniuliza mara mbili, "Haijafika kweli?" Nikamwambia nisingeificha mfukoni.

Alhamisi, 18 Aprili

Imefika! Mwavuli kaifuata mwenyewe kwenye ghala kuu, kapanda lori la mizigo kurudi nayo, kafika hapa kalowa mpaka kwenye nyusi. Nilimvua viatu kwa mikono yangu nikamkausha. Kifungo kanywa dozi ya kwanza, kakunja uso, kasema, "Tena."

Jumatatu, 22 Aprili

Kazi imetuzidi. Asubuhi napaza sauti kutoka kwenye cherehani: "Umemeza?" "Nimemeza, shemeji!"

Ijumaa, 26 Aprili

"Umemeza?" "Nimemeza!" Mashati ya darasa la mwisho yamebaki.

Alhamisi, 2 Mei

Sare zote zimepelekwa. Nimeona kundi la watoto likienda shule limevaa kazi yetu, nikajikuta nasimama barabarani kama mjinga. Mvua haijui kuchoka. Mkasi kakohoa leo asubuhi. Kasema ni baridi.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Jumanne, 7 Mei

Nitaandika yote, maana nisipoandika nitamkaba mtu.

Nilikuwa namalizia koti la mkuu wa shule, nikapungukiwa kifungo kimoja cheusi. Kwenye rafu ya Mkasi kuna mkebe wa vifungo vilivyobaki, vya kila rangi. Nikaufungua. Juu kulikuwa na vifungo. Chini yake kulikuwa na vifurushi vidogo vya kitambaa, vimefungwa uzi vizuri, mafundo ya mtu anayejua kufunga. Nikafungua kimoja. Vidonge vyekundu. Nikafungua kingine. Vidonge vyekundu.

Mkasi alikuwa anakata bitana, anapiga mluzi. Nikauweka mkebe juu ya kitambaa alichokuwa anakikata.

"Hivi ni vifungo vya nguo gani, shemeji?"

Mluzi ukakatika. Akauangalia mkebe, akaniangalia mimi, akaweka mkasi mezani taratibu.

"Akiba," akasema.

"Akiba ya nini?"

"Shemeji, unanijua mimi. Nikipewa kitambaa cha suruali nakata suruali na kinabaki cha kofia. Fundi hamalizi kitambaa. Wakanipa vidonge vinne, nikasema viwili vinanitosha, si nimeshapata nafuu? Viwili naweka. Akiba haiozi."

Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Nilimwambia kitambaa hakikuli mapafu. Nilimwambia mambo ya ukoo wake wote, pamoja na marehemu mume wangu, Mungu anisamehe. Aliinamisha kichwa mpaka nikaishiwa pumzi. Ndipo nikauliza tena, kwa sauti ndogo maana kubwa ilikuwa imekwisha: akiba ya siku gani? Unamwekea nani?

"Kifungo," akasema.

Sikuelewa.

"Dawa yake haikufika. Wiki ile, na iliyofuata, na ile nyingine. Na hata ilipofika, nani ajuaye kama haitaisha tena? Nikawaza, siku akianza kukohoa, tuende kituoni tuambiwe ngojeni wiki ijayo? Wewe mwenyewe ulisema nimemuua, shemeji. Na ulisema kweli, alikuwa miguuni kwangu siku zote zile. Basi nikasema nimwekee. Mimi nimeshaishi."

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa la pili sijui linavyoanza, nilichukua ile bitana nikamtupia usoni. Kisha nikakaa sakafuni palepale nikalia kwa sauti. Mtu kanywa nusu ya dawa yake kwa neno langu mimi. Na mimi, msimamizi wake, nilikuwa naulizia uzima wake kwa kupaza sauti nikiwa nimempa mgongo.

Nikampigia simu Mwavuli. Alikuja, akakaa, akaufungua mkebe mapajani. Nilimngoja apige kelele. Nilitaka apige kelele, ili mimi nipate wa kugombana naye. Hakupiga. Lakini niliona mikono yake imetulia kupita kiasi, nikajua anaogopa, na mimi ndiyo nikaogopa kwelikweli.

"Baba," akamwambia Mkasi, "vijidudu hivi ukivipiga nusu nusu, vinavyobaki ni vile vikorofi. Vinaizoea dawa. Vikishaizoea, dawa hii haitakusaidia wewe wala yeyote utakayemwambukiza. Itabidi nyingine, kali, ndefu. Na dawa ya mtu mzima hapewi mtoto."

"Vimeshaizoea?" Mkasi akauliza.

"Sijui. Tutapima kesho."

Kifungo kalala kwa mama yake. Mkasi hataki hata kusimama uani mtoto akiwa macho. Mvua inanyesha. Siku nzima sijasikia sauti ya mkasi wake.

Jumatano, 8 Mei

Mkasi katoa makohozi upya. Wamepeleka maabara kubwa kuona kama dawa bado inaviuma vile vijidudu. Hatukuambiwa turudi nyumbani. Mwavuli alimshika Mkasi mkono, akasema, "Njoo baba, nikuonyeshe kitu," akatuingiza kwenye stoo ya dawa.

Chumba kidogo, rafu mpaka juu, maboksi yamepangwa. Kila boksi lina jina la mtu. Akashusha moja, jina la Mkasi. Akalifungua: dawa zake zote zilizobaki, mpaka dozi ya mwisho ya miezi sita ya matibabu, zimepangwa humo, hazigawiwi mtu mwingine hata aje nani. Akashusha jingine, dogo. Jina la Kifungo. Dawa zake zote mpaka dozi ya mwisho. Akaeleza kwamba ile ya mtoto ilipochelewa hakutaka kuleta ya wiki moja ikaisha njiani. Alingoja boksi zima, na ndiyo sababu ya kuchelewa.

Mkasi alilishika lile boksi dogo kwa mikono miwili. Akalitazama sana. Akasema, "Kumbe kimeshakatwa."

"Nini, baba?"

"Kitambaa. Kimeshakatwa kwa kipimo chake. Na changu pia." Akageuka kwangu. "Shemeji, nimejishonea shati la mkono mmoja."

Nikamwambia ajue tu kwamba hata hilo limemkaa vibaya. Mwavuli akacheka, mara ya kwanza nimemsikia anacheka, na kicheko chenyewe ni cha mbuzi.

Ijumaa, 10 Mei

Tunangoja majibu. Nimekata kitambaa mwenyewe leo. Ni aibu, siandiki zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Tunangoja. Mvua. Binti yangu kampelekea baba yake mdogo chakula, wamekaa nje kwenye vigoda wakiwa mbalimbali, wakaongea kwa muda mrefu. Sijui waliongea nini. Alirudi na macho mekundu na akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Jumanne, 14 Mei

Dawa bado inauma! Ni ileile, vijidudu havijaizoea. Daktari kasema Mkasi ana bahati ya mtende kuota jangwani, aanze kuhesabu upya tangu mwanzo, na miezi miwili ikitimia apimwe tena. Kwa wiki chache anarudi chumbani kwake.

Nilirudi mbio kumwambia. Alikuwa anangoja kichochoroni, hakuthubutu kuja kituoni. Nikasema, "Unaanza upya." Akasema, "Naanza upya." Halafu nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni tangu Machi. Nikasema hukumuua mtu, shemeji, na madirisha niliyafunga mimi. Alikaa juu ya jiwe la mlangoni pa mtu akafunika uso. Niliita muuza maji, nikampa glasi. Sikujua kingine cha kufanya.

Jumatatu, 3 Juni

Mkasi karuhusiwa tena kazini, na nimebuni utaratibu, Mwavuli kaukubali. Kila asubuhi dawa mbili zinanywewa barazani saa ileile. Kifungo anakaa kwenye kigoda chake mlangoni, Mkasi kwenye ngazi. Kifungo anakunywa yake, kisha anasimama mbele ya Mkasi, mikono kiunoni, na sauti hiyo sijui kaiga kwa nani: "Fungua mdomo! Toa ulimi!"

Mkasi anaweza kunidanganya mimi. Kumdanganya huyu hawezi. Ila anarudi nyuma kidogo kila anaposogelewa, na mikono anaiweka mgongoni.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua zimekatika. Madirisha wazi hata nailoni haihitajiki.

Jumatano, 12 Juni

Pasi karudi. Kasimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa shule. Nilikuwa nimemwandalia hotuba tangu Machi, nzuri kabisa, ina vituo na alama za mshangao. Nikamwambia pasi iko moto, asije akaunguza.

Jumamosi, 22 Juni

Fundi viatu wa jirani anakohoa. Mkasi kavuka barabara mwenyewe, kakaa naye kwenye benchi lake, kamwambia kila kitu: kikopo, mkojo mwekundu, hata ule mkebe. Mbele za watu, bila haya. Mchana fundi viatu kafunga banda kaenda kituoni. Pasi naye, mashine yetu ya umbeya, sasa kila anayekuja kuchukua nguo anamuuliza amekohoa kwa muda gani. Mwavuli kasema anamtaka ajiunge nao. Nimemwambia atafute wa kwake.

Jumatatu, 1 Julai

"Fungua mdomo! Toa ulimi!" Kila siku. Sijawahi kuchoshwa na jambo ninalolifurahia hivi.

Jumatano, 10 Julai

Wiki ijayo anapimwa. Mkasi halali, na mimi nachoma vidole na sindano. Tunataniana kupita kiasi. Hakuna anayelitaja lenyewe.

Alhamisi, 18 Julai

Tulikwenda wote kituoni: mimi, Mkasi, Kifungo mgongoni kwangu. Majibu ya Mkasi, na siku ya mwisho ya dawa ya Kifungo. Tulikaa kwenye benchi. Mkasi alikaa mwisho kabisa wa benchi, nafasi ya watu wawili kati yetu, kama kawaida yake tangu Machi.

Mwavuli alitoka mlangoni na karatasi. Anajua kuficha uso, lakini safari hii hakuweza. "Safi, baba. Hakuna hata kimoja." Dozi zilizobaki ni nyepesi zaidi, miezi minne mingine, na lazima azimalize zote. Mkasi akasema, "Nitazimaliza."

Kisha Mwavuli akamgeukia Kifungo, akampongeza, akamwambia dawa yake imekwisha, hana ugonjwa, hatakunywa tena. Kifungo akaangua kilio. Kilio cha kuvunja mabati! "Nataka dawa yangu! Nataka na Babu!" Watu wa foleni wakacheka, wagonjwa kwa wazima. Nikambembeleza, akakaza. Nikamwahidi kila kitu, akakaza. Anamnyooshea Mkasi mikono, na Mkasi kainuka, kasimama ukutani, mikono mgongoni, machozi yanamtoka, hasogei.

Nikamfuata pale ukutani, nikamwambia, "Shemeji, mbebe huyu. Mgongo unaniuma."

Mgongo wangu ulikuwa mzima, na yeye alijua. Aliniangalia. Kisha akaitoa mikono yake nyuma, akampokea mtoto. Kifungo akajikunja shingoni kwake, akanyamaza, na baada ya kwikwi mbili tatu akamvuta mdomo kwa vidole ahakikishe kama kameza. Tulitembea mpaka nyumbani. Nilijitolea kumpokea mtoto njiani mara kadhaa, Mkasi akakataa.